Namba 1830 Ikipita Kijijini

Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi, lori lililopeleka asidi ya salfa mgodi wa Mutanda liligongana na basi. Watu wapatao 20 walikufa, baadhi yao wakiunguzwa na asidi iliyomwagika.

Asidi si mgeni katika mkoa huu wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Migodi huitumia kutoa shaba na kobalti kwenye mawe. Hata Kingamyambo, karibu na Kolwezi, yaliko mabaki ya enzi za kampuni ya taifa ya madini, Gécamines, matope ya zamani yanachakatwa upya kwa njia hiyo. Kiasi kikubwa kimekuwa kikitoka Zambia, kikivuka mpaka Kasumbalesa, kisha kikipita masokoni na mbele ya shule.

Lori la asidi likisimama karibu nawe, tafuta kibao cha rangi ya chungwa. Juu 80, yaani kitu kinachobabua. Chini 1830, namba ya asidi ya salfa popote duniani. Mama anayeuza mihogo kando ya barabara anastahili kufundishwa kuisoma. Asidi ikimrukia, hunyonya maji ya ngozi yake huku ikitoa joto kali. Huduma ya kwanza ni maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu. Kijiji kisicho na bomba kitayatoa wapi?

Sheria tunazo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2006 kinataka uchafuzi unaoletwa na shughuli za kiuchumi ulipiwe fidia. Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inambana mwenye kibali cha kuchimba afidie madhara ya shughuli zake hata kama hakufanya kosa. Ajali ya Kabwe ilitokea kabla marekebisho hayo hayajatimiza mwaka. Lakini lori lilikuwa la mkandarasi, na hapo ndipo penye mwanya: asidi ikiwa njiani, ni ya nani?

Ni ya aliyeiagiza. Isingepita Kabwe kama hakuna mgodi ulioingoja. Kanuni itamke hivyo wazi: jina la mgodi liandikwe kwenye tangi, lori lisindikizwe, na vijiji vya njiani viwekewe maji ya dharura kwa gharama ya mgodi huo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa wako, utauliza dereva amelala saa ngapi na breki zimekaguliwa lini. Maswali hayo yaulizwe Kasumbalesa, lori likiwa bado limesimama.