Kumbukumbu Inayofutwa kwa Spana Namba 10

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea gari lake dogo la Kijapani, toleo la mwaka 2004, taa ya injini ikiwa imewaka kwenye dashibodi. Alikwishapita kwa mafundi wawili kabla yangu. "Wote walifanya hivyo hivyo, fundi," akaniambia. "Walifungua temino ya betri, wakasubiri kidogo, wakairudisha. Taa inazima, nafurahi, siku ya nne inawaka tena." Nikamuuliza kama yupo aliyelipima kwa mashine kabla ya kugusa betri. Hakuna.

Jambo hili hunisumbua kila ninapokutana nalo, na hukutana nalo karibu kila wiki. Spana namba 10 hufungua temino kwa sekunde chache tu, lakini katika magari mengi ya umri ule hufuta kazi ambayo kompyuta ya injini imeifanya kwa miezi.

Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa kipimo maalumu: kwa uzito, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Kiwandani kompyuta, ile ambayo mafundi wengi tunaiita kontroli boksi, huwekewa majedwali yanayosema nozeli zifunguke kwa muda gani katika kila hali ya injini. Tatizo ni kwamba majedwali hayo yaliandikwa kwa ajili ya injini mpya. Nozeli huziba taratibu, pampu ya mafuta huchoka, sensa ya hewa hushika vumbi, mipira hupasuka. Jedwali linabaki lile lile, gari linabadilika.

Kinachookoa hali ni sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye bomba la moshi. Kampuni ya Bosch iliianzisha mwaka 1976 katika magari ya Volvo yaliyokuwa yakiuzwa Marekani, na leo ni vigumu kupata gari la petroli lisilo nayo. Sensa hii hunusa moshi na kuiambia kompyuta: mafuta yamezidi, au yamepungua. Kompyuta huongeza au hupunguza papo hapo, mara nyingi kwa dakika.

Hapo ndipo kujifunza kunapoanza. Mfikirie mpishi aliyefungua gunia jipya la mchele. Siku ya kwanza anaonja, anaona wali bado mgumu, anaongeza maji. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hangoji kuonja. Anajua mchele huu unakunywa maji mengi, anayaongeza tangu mwanzo. Kompyuta ikiona kwamba katika hali fulani kila mara inalazimika kuongeza mafuta kwa asilimia 8, huiandika hiyo 8 kwenye kumbukumbu na kuanzia hapo. Mashine ya kupimia huonyesha namba mbili: masahihisho ya papo kwa papo na masahihisho ya muda mrefu. Hiyo ya pili ndiyo ninayoitazama kwanza gari lolote likifika kwangu. Ikiwa kati ya 10 juu na 10 chini ya sifuri, kwa kawaida sina wasiwasi.

Watu husema gari "limemzoea" mwenyewe, na kwamba ukimwazima mtu atakurudishia gari lililoharibika tabia. Upo ukweli kidogo ndani yake. Injini haimjui dereva. Inachojua ni mzigo iliobeba na mizunguko yake kwa dakika. Lakini masomo yake huandikwa kwa mafungu, fungu la kusimama foleni na fungu la mwendo wa barabara kuu. Anayeshinda kwenye foleni za Dar es Salaam huijaza injini somo la kusimama, na mafungu mengine yanabaki na taarifa za zamani. Tena kompyuta haiandiki kitu mpaka injini ipate moto wake kamili. Gari linalokwenda sokoni kilomita moja na kuzimwa, kila siku, halijifunzi karibu chochote.

Panapohusika tabia ya dereva hasa ni kwenye gia boksi za otomatiki. Mwaka 1994 Mitsubishi waliitoa FTO ikiwa na mfumo walioupa jina la INVECS-II, ambao uliangalia jinsi dereva anavyokanyaga mafuta na kupanga wakati wa kubadili gia kufuatana naye. Watengenezaji wengine wana mifumo yao ya aina hiyo. Katika magari mengi kumbukumbu hii ya mtindo wa dereva ni fupi, kwa hiyo aliyeazima gari lako hakuachii urithi mkubwa. Inayodumu ni ile ya kupima uchakavu wa klachi za ndani, na hiyo ukiifuta gari linaweza kubadili gia kwa kugutuka kwa muda.

Somo linalowagusa wengi bila wao kujua ni la mafuta yenyewe. Kwenye bloku ya injini za kisasa kuna sensa inayosikiliza injini ikigonga, yaani mchanganyiko kulipuka ovyo badala ya kuungua kwa mpangilio. Ikisikia kugonga huko, kompyuta huchelewesha moto wa plagi mara moja. Kuurudisha huwa ni polepole, kidogo kidogo. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga haraka, na Tanzania uchakachuaji huo ulifika mahali mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Ukijaza tanki mafuta mabaya, gari litakuwa zito kupanda mlima na litakula zaidi, na uzito huo unaweza kuendelea hata baada ya kujaza mafuta mazuri, mpaka kompyuta iamini tena.

Usichanganye hilo na mwinuko. Gari lisilo na tabo likitoka Dar es Salaam hadi Mbeya, kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Kompyuta hupunguza mafuta ili yaendane na hewa hiyo, lakini haiwezi kujifunza hewa ambayo haipo.

Turudi kwenye spana: ukitoa temino, masomo hayo hufutika na kompyuta inarudi kwenye jedwali la kiwandani. Sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inaweza kuyumba, na gari huenda likazima unapopunguza mwendo. Wakati mwingine kufuta ni sahihi kabisa, kwa mfano baada ya kusafisha throto. Masizi yakiziba kile kilango cha hewa, kompyuta hujizoeza kukifungua zaidi ili injini isizime. Kikisafishwa, inaendelea kukifungua vile vile na sailensi inapanda juu. Mwenye gari hudhani ameharibiwa. Magari mengi hujirekebisha yakiendeshwa. Mengine, hasa Nissan nyingi, huhitaji utaratibu maalumu wa kuyafundisha upya. Na katika magari mapya zaidi kumbukumbu haifutiki kwa kutoa betri. Ni mpaka mashine.

Kwa gari la mwalimu niliomba jambo moja: alitumie wiki nzima bila mtu yeyote kugusa betri. Aliporudi taa ilikuwa inawaka, na safari hii kulikuwa na cha kusoma. Injini ikiwa kwenye sailensi, masahihisho ya muda mrefu yalikuwa asilimia 28 juu. Nikapandisha mizunguko hadi 2,500, yakashuka mpaka 4.

Tofauti hiyo ilinitosha. Pampu ingekuwa imechoka, namba ingepanda kadiri injini inavyodai mafuta zaidi. Ikipanda kwenye sailensi tu, kuna hewa inaingia kwa njia ya panya bila kupimwa. Kwenye sailensi hewa hiyo ni sehemu kubwa ya inayoingia, ukikanyaga mafuta inamezwa na hewa nyingi ya halali. Nilipitisha mkono nyuma ya manifoldi nikakuta mpira mwembamba umepasuka kwenye kona, ufa usiozidi urefu wa ukucha. Mpira mpya uligharimu chini ya nauli zake za kwenda kwa wale mafundi wawili.

Sikutoa betri hata baada ya kuubadilisha. Nilimwambia aendeshe kama kawaida, apitie tena Jumamosi. Jumamosi namba ilisoma 5, na taa ilikuwa imezima yenyewe njiani, akiwa anawapeleka watoto shule.