Baraza yetu imepasuka: tuvunje yote ao tutengeneze?



Huku kwetu Nyangwe, baraza si pambo la nyumba. Ni hapo tunaanika mpunga na muhogo, ni hapo watoto wanasoma masomo yao mpaka giza liingie, ni hapo tunapokea wageni wa furaha na wa matanga. Mwezi wa Ramazani, mkeka wa futari unatandikwa hapo. Baraza ikiharibika, nyumba nzima inaumia.

Yetu ina mita 4 kwa 3. Beto yake ilimwagwa zamani, watoto wetu hawajazaliwa. Kidogo kidogo ikapasuka, na ukingo wa mbele ukazama. Mwaka jana bibi wa watoto alijikwaa pale usiku, akaumia mkono. Siku hiyo tulisema: basi, imetosha.

Lakini sandukuni mlikuwa na franga za mifuko 4 ya simenti, zilizotoka katika likelemba, na pembeni franga za mtihani wa taifa wa binti yetu. Fundi alitazama, akasema: "Vunjeni yote." Tukafanya hesabu ile tunayofundisha darasani: mita 4 mara 3, unene sentimita 10, ni mita za ujazo 1,2. Kwa kipimo cha simenti 1, mchanga 2 na changarawe 3, inaomba karibu mifuko 9. Na simenti inatufikia kutoka mbali, kila barabara mbaya inaongeza bei yake.

Mmoja wetu akasema tukamate zile za mtihani, tutazirudisha mbele. Binti alisikia. Hakusema neno, akaendelea kupepeta mchele.

Tuliomba siku tatu za kufikiri. Kwa kweli tulikuwa tumekwisha kukosea mara moja: miaka miwili nyuma tulipaka simenti nyembamba juu ya nyufa, na masika moja tu ikabanduka yote. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini sisi tuliziba ufa bila kuuliza ulitoka wapi.

Safari hii tukauliza. Tuligonga beto yote kwa fimbo, hatua kwa hatua. Pale inapolia kama ngoma, chini mna shimo. Pale inapolia kama jiwe, ni nzima. Kisha tukamwaga ndoo ya maji tuone yanakimbilia wapi. Mwisho tukangoja mvua, tukasimama mlangoni kutazama. Jibu lilionekana: maji ya bati yanaanguka sawasawa kwenye ukingo wa mbele, yanachimba udongo chini yake. Ukingo huo peke yake, mita 4 kwa 1, ulikuwa unalia kama ngoma. Sehemu iliyobaki ilikuwa nzima, na nyufa ndogo tu.

Basi tukaamua: tuvunje ukingo tu. Hiyo ni mita za ujazo 0,4, mifuko 3. Mfuko wa nne ni wa kuziba nyufa. Franga za mtihani zikabaki mahali pake.

Kazi tuliifanya kiangazi, hivi:

Kwanza maji. Tulichimba mfereji chini ya bati, tukaujaza mawe, tukauelekeza nje ya kiwanja. Bila huo, kazi yote ni bure.

Pili udongo. Tulitoa ule mlaini, tukajaza vipande vya beto ya zamani na changarawe, tukashindilia mpaka kisigino kisizame.

Tatu beto. Tulipima kwa ndoo ileile moja, maji kidogo: beto ya majimaji ni rahisi kumwaga lakini inapasuka upesi. Tuliilaza kidogo kuelekea nje, sentimita 2 kwa kila mita, maji yasisimame. Kati ya beto ya zamani na mpya tuliacha mstari, kila moja ijongee peke yake.

Nyufa tulizipanua kidogo kwa patasi, tukazisafisha kwa brashi, tukazilowesha, ndipo tukazijaza.

Nne uvumilivu. Siku 7 tuliifunika magunia yenye maji, asubuhi na jioni. Jua likiikausha haraka, haipati nguvu. Vitu vizito tulivingojesha siku 28.

Wamama, baraza yetu leo ina rangi mbili, na jirani wengine wanacheka. Wacheke tu. Bibi amerudisha kiti chake pale mbele, na binti anasoma karibu naye. Kama yenu imepasuka, mbele ya kuita fundi, kamateni fimbo mgonge, kisha mngoje mvua mtazame. Na kikundi chenye wamama watano wanaotengeneza baraza kinaweza kununua simenti pamoja, kusafirisha mara moja, na kushindilia udongo kwa zamu.