Siri ya Tiba Isimponze Mwanariadha

Mwanariadha hutibiwa goti na daktari wa kambini Iten, kisha hujiunga na timu ya taifa yenye daktari mwingine. Je, huyu wa pili atajuaje mwenzake alimdunga sindano gani? Tangu Januari 1, 2022, sindano zote za dawa za jamii ya kotisoni ni marufuku wakati wa mashindano, ila kwa kibali maalumu. Asiyearifiwa hawezi kuonya, na medali ikipokonywa, anayelia ni mkimbiaji.

Waama, ugonjwa wa mtu ni siri yake. Basi mwenyewe na aidhinishe kwa maandishi, na barua ya tiba iitangulie safari. Walimu wa michezo, wafunzeni vijana mapema: mficha maradhi, kilio humuumbua.