Mke wa Kaburi Aliyekataa Kurithiwa

Paa la nyumba yake lilivuja upande wa jikoni. Masika ya kwanza baada ya kufiwa, alikinga maji kwa sufuria tatu. Masika ya pili akaongeza ndoo na beseni la kufulia. Pesa za mabati alikuwa nazo, tena zimekunjwa ndani ya leso. Aliyekosekana ni fundi. Kijijini kwao, kaunti ya Siaya, hakuna aliyethubutu kupanda juu ya nyumba ya mjane ambaye hajarithiwa.

Kwa Kiluo mjane huitwa chi liel, yaani mke wa kaburi. Mila inasema kivuli cha mauti humwandama hadi atakaporithiwa na mwanamume, kwa kawaida ndugu wa marehemu. Kabla ya hapo haruhusiwi kutengeneza nyumba yake, kutangulia kupanda mbegu wala kuingia ovyo katika boma la watu. Akikiuka, chira itaingia: maradhi ya kukonda na kunyauka yasiyosikia dawa. Na chira haimchagui mkosaji peke yake, huweza kuwaangukia watoto wake na wa mashemeji zake. Hapo ndipo penye uzito. Mjane anayekataa haonekani mtu mwenye msimamo. Anaonekana mtu anayetaka kuua watoto wa wenzake.

Mama huyu ninamfahamu tangu nikiwa mdogo. Ni Msabato, na kwake Sabato si jina la kwenye fomu. Ijumaa jua likikaribia kuzama, jembe lilikuwa limeshaoshwa na kuegemezwa ukutani. Wazee wa ukoo walipomjia baada ya mazishi, aliwatandikia viti chini ya mwembe, akawapa chai, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Baba zangu, nimewaheshimu tangu siku niliyoolewa hapa, na nitaendelea kuwaheshimu. Lakini hili siwezi. Mume wangu alikuwa mmoja, na Mungu wangu ni mmoja." Mama mkwe wake akaanza kulia kwa sauti, kama vile msiba umerudi upya.

Kilichomuumiza zaidi kilitoka kanisani kwake. Wanawake wawili walioketi naye benchi moja walimjia usiku na ushauri: atafute mwanamume wa mbali, amlipe, alale naye usiku mmoja, watu wanyamaze, kisha aendelee na wokovu wake. Walikuja kwa mapenzi mema, na mmoja wao alikiri kwamba yeye mwenyewe alifanya hivyo. Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Mwanamke yule wa benchi hakuiamini chira, wala hakutaka kumkosea Mungu wake. Aliogopa macho ya majirani, na macho hayo ndiyo yaliyomwamulia.

Mtoto wa pili wa mama huyu alipougua malaria, habari ilizunguka kabla hajafikishwa zahanati. Alipona, lakini hilo halikuzunguka.

Shinikizo hili la mila haliishii kwenye kurithi wajane. Wakili S.M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986 jijini Nairobi. Mkewe, Wambui, alitaka kumzika shambani kwao Upper Matasia, karibu na Ngong, akisema mumewe alikuwa Mkristo aliyeishi maisha ya kisasa na hayo ndiyo yalikuwa matakwa yake. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao, na kwamba asipozikwa kwao roho yake haitawaacha walio hai. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufaa, na Mei 1987 ukoo ukashinda. Mahakama iliona kwamba mtu aliyezaliwa Mjaluo hafungui kamba ya mila za kwao kwa sababu tu ameishi mjini na kuchagua maisha mengine. Otieno alizikwa kwao Nyalgunga tarehe 23 Mei, siku 154 baada ya kufa. Mkewe hakuhudhuria.

Leo sheria imebadilika. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na imani, na inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo linalopingana na imani yake. Kifungu cha 2 kinabatilisha mila yoyote inayokinzana na Katiba. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja waziwazi kurithi wajane kwa nguvu. Lakini Katiba haipandi juu ya paa kupigilia misumari.

Sidharau mila hii. Ilianza kwa huruma, ili mjane asiachwe mkono mtupu na watoto wasipotee ukooni. Wapo wanaorithiwa kwa hiari yao na kutunzwa vizuri, na hakuna mchungaji anayepaswa kuwatukana mimbarani au kukataa kuwazika. Hilo nalo ni shinikizo, ila limevaa joho. Ninachokipinga ni imani ya mtu mmoja kuamuliwa na kikao cha watu ishirini, awe mwanamke anayeitaka mila au anayeikataa. Kinachoingia moyoni kwa vitisho ni woga, hata ukiuita mila na hata ukiuita wokovu.

Paa lile lilitengenezwa hatimaye. Kaka yake alileta fundi kutoka Kisii, akafika alfajiri na kuondoka kabla ya jua kuzama. Mama alipanda mahindi yake msimu huo bila kumngoja mtu. Watoto wake wote watatu wako hai.

Wazee wetu, mtakapoketi tena chini ya mwembe baada ya mazishi, anzeni na mjane. Muulizeni yeye anaamini nini, na mumwache amalize kusema.