Ritifaa na Ukataji wa Matini katika Kompyuta

Kabla kompyuta haijahesabu maneno ya matini, sharti iukate mfuatano wa herufi uwe tokeni, yaani vipande vitakavyochukuliwa kuwa ni maneno. Njia za ukataji huo aghalabu hulinganishwa kwa wepesi wake tu. Kwa mtunga kamusi ya Kiswahili, tofauti zake hugusa msamiati wenyewe.

Njia iliyo sahili ni kukata penye nafasi, kama ifanyavyo amri ya split() katika lugha ya Python isipopewa kitenganishi. Neno ng'ombe hubaki zima, ila alama za uakifishaji hushikamana nalo, hata likifuatwa na mkato huhesabiwa kuwa neno jingine. Kasoro hii huonekana upesi.

Njia ya pili hutumia ruwaza. Ruwaza \w+ hukusanya herufi na tarakimu zinazofuatana, na kukata penye takriban alama nyingine yoyote. Ritifaa basi huwa mpaka, ilhali katika othografia ya Kiswahili ni sehemu ya konsonanti ng'. Ng'ang'ania hutoka vipande vitatu: ng, ang na ania. Mhariri makini atavishuku. Lakini ng'amua huacha amua, na aliyeng'oa huacha aliyeng na oa. Mkulima aliyeng'oa muhogo huingizwa miongoni mwa waoaji! Marudio ya vitenzi viwili halali huongezeka, na tokeni hizo za uongo hazitofautiani kwa lolote na za kweli. Orodha ya namna hiyo ikitumiwa kuteua vidahizo, ng'oa na ng'amua huenda vikaachwa.

Ruwaza yafaa iruhusu ritifaa iliyo baina ya herufi mbili. Kwa kuwa ng' haiishii neno katika Kiswahili, ritifaa hiyo haichanganyiki na alama ya kufungia nukuu. Kanuni za mipaka ya maneno katika Kiambatisho cha 29 cha Unicode hufuata mantiki hiyohiyo. Hata hivyo, ritifaa iliyonyooka (U+0027) na iliyopinda (U+2019) ni alama mbili kwa kompyuta; zisipolinganishwa kwanza, ng'ombe mmoja ataorodheshwa mara mbili.

Aliyeng'oa likiisha kupatikana zima, bado halijahesabiwa chini ya ng'oa. Hiyo ni kazi ya kichanganuzi cha mofimu, mathalani SWATWOL ya Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nacho hakiwezi kuchanganua neno lililokwisha kukatwa vibaya.