Sotoka ya mbuzi huvuka mpaka, elimu ya daktari husubiri

Kinama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, mitaa imebeba majina ya miji na mikoa ya nchi: Bubanza, Bururi, Gitega, Muyinga, Ngozi, Ruyigi. Nyuma ya kuta za mitaa hiyo, katika nyua zenye nafasi ya kuanika nguo na kuinjika sufuria tu, hufugwa mbuzi wawili au watatu, kuku, pengine na nguruwe. Mbuzi ndiye akiba ya nyumba. Huuzwa Septemba watoto wanapotakiwa sare na madaftari, huuzwa mtu akilazwa, na wakati mwingine huuzwa kwa sababu tu mwenye duka la mishikaki amekuja na fedha mkononi.

Mbuzi akianza kutoa kamasi nzito, macho yakajaa tongotongo, akakataa majani na kuharisha, huitwa veterineri. Mitaani Bujumbura jina hilo halitofautishi daktari mwenye shahada na fundi aliyesoma shule ya kilimo na mifugo ya ngazi ya sekondari. Wote ni veterineri, na aghalabu wote huja na dawa ile ile, oksitetrasaiklini. Anachoma sindano, analipwa, wanaagana. Mbuzi akipona, dawa ilikuwa nzuri. Akifa, na wa jirani akafuata, ndipo watu huanza kuulizana alikuwa na nini hasa.

Jibu hutegemea sana mara ya mwisho veterineri huyo kuketi darasani.

Dalili hizo zaweza kuwa za homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo ikiwahiwa antibayotiki huisaidia. Zaweza kuwa za minyoo pamoja na kichomi. Au zaweza kuwa za sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi usio na dawa ya kuutibu. Katika sotoka, antibayotiki huwazuia tu bakteria wanaovamia mapafu yaliyokwisha kudhoofika. Kazi yenyewe ni nyingine: kuwatenga wagonjwa, kuchukua sampuli mapema, kutoa taarifa kwa mamlaka na kuhakikisha mbuzi wazima wa mtaa mzima wanachanjwa. Veterineri anayedhani ni mafua ya msimu wa mvua hatafanya hata moja kati ya hayo. Na mwenye mbuzi, akiona wawili wamekufa, atawahi kumpeleka sokoni yule wa tatu.

Kirusi hiki kilielezwa kwa mara ya kwanza huko Côte d'Ivoire mwaka 1942, tena kwa Kifaransa. Kenya iliutambua ugonjwa mwaka 2006 upande wa Turkana, Uganda ikafuata 2007, Tanzania 2008, Kongo 2012, na Burundi ukathibitishwa mwaka 2018. Kutoka Turkana hadi Burundi ni miaka 12. Mbuzi hutembea kwa miguu na kwa lori, hulala mnadani, hubadilisha wenye mara tatu kabla ya kuchinjwa. Maarifa kuhusu ugonjwa huo huo yangeweza kupanda basi na kufika kwa siku mbili. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ni mwanachama tangu 2007, ilikuwa na muda wote huo wa kuyatanguliza.

Si haki kuwalaumu veterineri kwa uvivu wa kusoma. Kwa miongo mingi, Mrundi aliyetaka shahada ya udaktari wa mifugo alilazimika kuondoka nchini. Njia moja kubwa ilikuwa Dakar, Senegal, kwenye shule ya pamoja ya udaktari wa mifugo ya nchi zinazotumia Kifaransa, iliyoanzishwa mwaka 1968. Aliyepita huko alirudi na elimu nzuri ya magonjwa ya Afrika Magharibi, na marafiki waliotawanyika kutoka Niamey hadi Yaoundé. Mwenzake wa Kigoma, aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, alisoma kwa Kiingereza. Daktari wa Dakar anaujua ugonjwa kwa jina la Kifaransa. Wa Kigoma anauita sotoka. Wanaweza kuuzungumzia robo saa nzima kabla ya kugundua kwamba ni ugonjwa mmoja.

Vitabu na masomo vipo, tena vingi ni vya bure. Jarida la Kifaransa la ufugaji na tiba ya mifugo ya nchi za joto, linalotolewa tangu 1947 na sasa likiwa chini ya taasisi ya CIRAD ya Ufaransa, husomwa mtandaoni bila malipo. Kitabu cha Que faire sans vétérinaire?, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 2002 kikitokana na toleo la Kiingereza, kiliandikwa kwa ajili ya mahali ambapo daktari yuko mbali. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina kozi za mtandaoni, na lina pia mafunzo ya epidemiolojia kwa veterineri walio kazini: majuma kadhaa darasani, kisha miezi ya kufanya uchunguzi halisi katika wilaya zao. Mwongozo wa tiba wa Merck, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1955, leo unafunguka kwenye simu ya kawaida.

Kinachokosekana Kinama ni muda na umeme. Veterineri anayejitegemea hana wa kumshikia zamu. Siku ya semina ni siku isiyo na kipato. Jioni, umeme unaporudi na bando la intaneti bado lina kitu, kozi iliyo mbele yake mara nyingi ni ya Kiingereza. Aidha, semina zinazofadhiliwa huelekea kumwita daktari wa ofisini, ilhali anayeingia uani na kumshika mbuzi ni fundi. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwaka 2012 mwongozo wa umahiri anaopaswa kuwa nao daktari anayehitimu. Wasaidizi wake walisubiri hadi 2018 kupata wa kwao.

Mwaka 2022 ulionyesha gharama ya kuchelewa huko. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Naivasha nchini Kenya mwaka 1931, ililipuka kwa ng'ombe wa Burundi. Serikali ilizuia mifugo kuhamishwa, masoko ya mifugo yakafungwa, na baadaye chanjo ikaanza kutolewa. Kwa jiji linalopenda nyama choma kama Bujumbura, hilo halikuwa jambo la vijijini pekee.

Homa hii humtega hasa mtaalamu ambaye elimu yake imelala. Dalili yake kubwa ni ng'ombe wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja na ndama kufa. Aliyezoea kuona mimba zikitoka kwa sababu ya brusela atafikiria brusela. Akiingiza mkono kumsaidia ng'ombe anayetupa mimba, bila glovu na bila kujikinga uso, yeye ndiye anayekuwa mgonjwa wa kwanza wa kijiji, kwa kuwa kirusi humwingia binadamu kupitia damu na majimaji ya uzazi, mbali na mbu wanaokieneza. Mchinjaji yuko katika hatari hiyo hiyo.

Chanjo nayo ina mtego wake, na hapa mtu makini anaweza kuleta madhara kwa nia njema kabisa. Mlipuko ukishaanza, baadhi ya ng'ombe wanaoonekana wazima tayari wana virusi katika damu. Sindano moja ikipita kutoka ng'ombe hadi ng'ombe, mchanjaji anafanya kazi ya mbu. Ni lazima abadilishe sindano kwa kila mnyama, na gharama ya sindano hizo iwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Tena chanjo si aina moja. Ile ya zamani ya Smithburn, yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, hukinga kwa muda mrefu lakini inaweza kumfanya ng'ombe mwenye mimba aitupe. Kwa hiyo veterineri anapaswa kujua kilichomo kwenye chupa kabla ya kuuliza ni ng'ombe wangapi wamefungwa zizini. Mambo haya hayahitaji shahada ya pili. Yanahitaji siku mbili za mafunzo, kila baada ya muda, kabla ya mvua kubwa.

Kisheria, mlango wa Jumuiya uko wazi kiasi. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na mwaka 2016 yakatiwa saini makubaliano ya kutambuana kwa madaktari wa mifugo, baada ya wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2011 iliwaweka madaktari na wasaidizi wao chini ya bodi moja, na leseni huhuishwa kwa kuonyesha alama za mafunzo yaliyohudhuriwa. Ni utaratibu wenye kero zake, maana wapo wanaofuata alama kuliko somo, lakini unamlazimisha mwajiri kumruhusu mtu aende.

Cheti kutambuliwa ni jambo moja. Veterineri wa Kinama kupata kiti katika darasa la Morogoro au Nairobi, na kulielewa, ni jambo jingine. Kiswahili kingeweza kusaidia hapa kuliko hotuba nyingi zinazotolewa kwa jina lake. Kinasemwa Kinama, ng'ambo ya mpaka Uvira, na Kigoma, na maneno ya kazi yapo tayari: kimeta, chambavu, ndigana kali, mdondo, sotoka. Vijarida vya Tanzania vya wafugaji huyatumia kila siku. Kozi fupi ya mafundi kwa lugha hiyo, yenye picha za mdomo wa mbuzi mgonjwa na sauti ya mtu anayeeleza, ingesikika pande zote za Ziwa Tanganyika bila mkalimani.

Dunia imejiwekea lengo la kuitokomeza sotoka ya mbuzi ifikapo 2030, kama ilivyotangazwa kutokomezwa kwa sotoka ya ng'ombe mwaka 2011. Nyenzo si ngeni: kipo kipimo cha ute wa jicho kinachojibu papo hapo uani, na dozi moja ya chanjo hukinga kwa miaka mitatu au zaidi, mradi imetunzwa kwenye baridi. Lakini mbuzi huzaa haraka, huweza kufikia mizao mitatu kwa miaka miwili. Mtaa uliochanjwa wote leo, mwakani utakuwa na vitoto vingi visivyo na kinga, na veterineri itabidi arudi ua kwa ua na kisanduku chake cha barafu, akianza tena na nyumba ya kwanza.