Siku Saba za Dripu

Daktari huchoma sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, huvuta, na bomba la sindano hubaki tupu. Uboho haunyonyeki. Mara nyingi ukavu huo ndio unaomshtua: huenda mgonjwa ana lukemia ya seli zenye nywele, saratani ya damu iendayo polepole na iliyo adimu mno, takriban 2% tu ya lukemia zote. Seli hizo huujaza uboho nyuzi, ukashikana. Chini ya hadubini, pembezoni mwa kila seli hutokeza vinyweleo vyembamba, mithili ya pamba iliyochambuliwa.

Mgonjwa haoni nywele zozote. Anachojua ni uchovu, homa zinazojirudia, na uzito chini ya mbavu za kushoto, bandama inapovimba. Wengi ni wanaume wa makamo. Mwaka 1958 Bertha Bouroncle, daktari mzaliwa wa Peru aliyefanya kazi Ohio State University nchini Marekani, alieleza hali za wagonjwa 26 na kuonyesha kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake. Tiba ya enzi hizo ilikuwa kuitoa bandama, na nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki ndani ya miaka kama minne.

Njia ya kutokea ilipatikana kwa watoto. Wapo wachache wanaozaliwa bila kimeng'enya kiitwacho adenosini diaminasi. Taka ambayo kimeng'enya hicho kingeiondoa hulundikana ndani ya limfosaiti zao, yaani seli nyeupe za kinga, na kuziua, mtoto akabaki bila kinga. Dennis Carson wa taasisi ya utafiti ya Scripps, huko La Jolla, California, aliona humo silaha: kinachoua limfosaiti za mtoto kitaua pia limfosaiti zilizoasi, kama zile seli zenye nywele. Ndipo ikaja kladribini, molekuli inayofanana na taka ile, ila imebandikwa atomu ya klorini ili kimeng'enya kishindwe kuivunja. Mwaka 1990 Carson, Ernest Beutler na wenzao walitangaza habari za wagonjwa 12 waliopewa dripu moja, mfululizo, kwa siku saba. Kumi na mmoja hawakuonekana tena na dalili ya ugonjwa. Wiki moja ya dripu, kwa ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu kwa miaka!

Hata hivyo nasita kusema wamepona. Scripps ilipowafuatilia wagonjwa zaidi ya 200 kwa miaka kadhaa, ugonjwa ulitoweka kwa 95% yao, lakini ulirudi kwa zaidi ya theluthi. Umelala tu, na huweza kuamka baada ya muda mrefu. Wengi hupewa dripu tena na hutulia tena; lakini kila mara kinga hushuka, na homa ya mapafu ikimkuta mgonjwa katika wiki hizo ni hatari kubwa.

Ndiyo maana kazi ya Perugia, Italia, inanipa matumaini. Mwaka 2011 Enrico Tiacci, Brunangelo Falini na wenzao walikuta hitilafu ileile ya jeni ya BRAF kwa wagonjwa wote 48 waliowapima. Vidonge vya kuizima vilikuwa tayari vipo, vimetengenezwa kwa saratani ya ngozi: vemurafenibu. Mwaka 2021 walieleza matokeo ya kuvichanganya na dawa nyingine, rituksimabu, kwa wagonjwa 30 ambao tiba za awali hazikuwafaa au ugonjwa uliwarudia. Dalili zilitoweka kwa 26. Kwa 17 kati yao, hata kipimo kinachosaka seli zilizojificha ndani ya uboho hakikukuta kitu.